Bastola Iliyoharibiwa kwa Kusafishwa: Kisa cha Ruger Mark I ya Chake Chake

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha bastola moja ya kulengea shabaha, Ruger Mark I ya risasi za .22 (yaani upana wa sehemu 22 za mia za inchi), ambayo mmiliki wake wa sasa, mtu mzima wa Chake Chake, aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na kasha la mbao, mkoba wa ngozi na pakiti chache za risasi za zamani. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Risasi haikuingia mpaka mwisho bila ya komeo, kile kipande kinachoifunga kasiba kwa nyuma, kusukumwa kwa kidole gumba, ganda lilikwama baada ya kupigwa, na katika kila magazini zilikuwapo risasi zilizogoma kuwaka. Alikwisha kuambiwa na zaidi ya fundi mmoja kwamba springi imechoka, na wa mwisho alimshauri airudishe Polisi, kwa kuwa chuma cha umri ule hakina tena maisha. Nilipoifungua niliona kwamba chuma chenyewe kilikuwa kizima na springi haikuwa na kosa lolote. Bastola ile ilikuwa imeharibiwa na mtu aliyetaka kuisafisha.

Kwanza ieleweke namna ilivyofika mikononi mwa mrithi, kwa sababu sehemu ya madhara ilitokea katika kipindi hicho. Marehemu alifanya kazi ya ukarani Nairobi akiwa kijana, akajifunza kulenga shabaha huko, na aliporudi nyumbani alirudi na bastola yake kwa vibali vilivyotakiwa. Alipofariki, familia ilikabiliwa na jambo ambalo wengi hawalifikirii mapema. Bastola ni mali, na huthaminiwa katika mirathi kama inavyothaminiwa nyumba au mikarafuu, lakini kibali cha kuimiliki hufungamana na mtu aliyepewa, si na silaha wala ukoo. Mrithi anaweza kupewa thamani yake na ndugu zake wote wakaridhia, na bado akawa hana ruhusa ya kuigusa mpaka apate kibali chake mwenyewe kutoka Jeshi la Polisi. Hapa hakuna njia ya mkato, wala sioni kwa nini iwepo. Familia hii ilifanya linalopasa: iliikabidhi silaha, mtoto mkubwa akaomba kibali, na baada ya muda akaipata kihalali. Kosa lao ni kwamba, kabla ya kuikabidhi, waliona haya kupeleka bastola iliyojaa vumbi na masizi, wakataka kwanza ing'arishwe.

Ruger Mark I si bastola ya kudharauliwa kwa sababu ya umri wake. Kampuni ya Sturm, Ruger ilianza mwaka 1949 huko Southport, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, na bastola yake ya kwanza ya .22 iliuzwa kwa dola 37.50, bei ambayo washindani wake hawakuiweza. Siri ya bei ile ilikuwa katika namna ya kutengeneza: kishikio kimeundwa kwa mabamba mawili ya chuma yaliyokandamizwa kwa mashine kisha yakaunganishwa kwa kulehemu, na mwili wa juu ni bomba la duara ambalo ndani yake komeo la mviringo huenda mbele na kurudi nyuma. Mark I ilifuata mwaka 1951, ikiwa na kilengeo cha nyuma kinachoweza kurekebishwa na, kwa toleo la shabaha, kasiba (mtutu) ndefu ya takriban milimita 175. Kwa mlengaji, faida kubwa ya umbo hili ni kwamba vilengeo vyote viwili vimekaa juu ya chuma kimoja kisichosogea. Katika bastola nyingi mfuniko wote wa juu hurudi nyuma pamoja na kilengeo chake, na ukilegea hata kidogo risasi hutawanyika. Katika Ruger kinachotembea ni komeo peke yake, ndani ya bomba. Ndiyo maana bastola ya miaka sitini, ikitunzwa, bado inaweza kupiga vizuri kama ilivyopiga siku ya kwanza.

Risasi yake nayo ina tabia zake, na bila ya kuzielewa kisa hiki hakieleweki. Risasi ya .22 ya aina hii ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na haina fataki ya kati kama risasi kubwa. Baruti ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, yaani ule mdomo wa nyuma uliotokeza pembeni, na pini ya kupigia huubana ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba, lile tundu la nyuma ya kasiba inamokaa risasi, mpaka ukawaka. Kwa hiyo chini ya kila pigo la pini kuna chuma cha chemba. Risasi ikiwemo, shaba laini ya ukingo hulipokea pigo. Risasi isipokuwemo, na kama hakuna kitu cha kuizuia pini, basi chuma hupiga chuma.

Uchunguzi ulianza kwa lile ambalo huanza nalo kila uchunguzi: kutoa magazini, kurudisha komeo nyuma, kutazama ndani ya chemba na kisha kuingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu Mark I ina mambo mawili yanayowahadaa waliozoea bastola za karibuni. La kwanza, kutoa magazini hakuizuii kufyatua. Risasi iliyobaki katika chemba itatoka kifyatulio kikivutwa. La pili, komeo lake halibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Magazini hubeba risasi tisa, na ya tisa ikishatoka, komeo hurudi mbele na kufunga kana kwamba kuna nyingine. Mlengaji asiyehesabu huvuta kifyatulio kwa mara ya kumi na kusikia mlio mkavu wa nyundo. Katika bastola iliyokamilika mlio huo hauna madhara. Kadiri ya ufahamu wangu, hilo la pili ndilo lililogeuza kosa dogo la mara moja kuwa uharibifu wa kila siku.

Nilimwomba mmiliki anipe maganda aliyoyaokota uwanjani badala ya kunieleza tu. Maganda husema zaidi ya mwenye bastola, na haya yalisema mambo mawili. Kwanza, kila ganda lilikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba ulionyooka upande wa juu, kuanzia karibu na ukingo kuelekea mbele, daima mahali pamoja. Mkwaruzo wa uchafu hubadilika badilika; mkwaruzo usiohama ni wa chuma. Pili, alama ya pini ukingoni ilikuwa pana na ya juujuu, ilhali pini nzima huacha shimo dogo lenye kingo kali. Katika risasi zilizogoma, alama hiyo ilikuwa hafifu kiasi cha kuonekana vyema pale tu ganda lilipogeuzwa kwenye mwanga.

Springi dhaifu ya nyundo huleta alama hafifu, hilo ni kweli, lakini haiwezi kukwaruza ganda wala kuizuia risasi isiingie. Aliyesema springi alijibu lalamiko moja na kuyaacha mawili.

Niliifungua. Mark I hufunguliwa kwa kuvuta kilachi kilichoko nyuma ya kishikio, ukatoa kile kipande kirefu chenye springi ya nyundo, na pini yake ya juu ikatoka pamoja nacho. Hapo komeo huteleza nyuma na kutoka nje ya bomba. Kwa tochi ndogo nilitazama mdomo wa chemba. Juu kabisa, pale pini inapopigia, ukingo wa chemba ulikuwa umebonyea, na chuma kilichobonyezwa kilikuwa kimehamia ndani ya tundu na kufanya kijinundu. Ukipitisha kijiti cha kuchokolea meno kuzunguka mdomo ule, kilinasa mahali hapo tu. Kijinundu hicho ndicho kilichoizuia risasi isiingie, ndicho kilichoukwaruza ubavu wa ganda, na ndicho kilichoking'ang'ania ganda lililotanuka kwa moto wa baruti. Hata kugoma kulitoka hapo kwa sehemu: komeo lisipofika mwisho, sehemu ya nguvu ya pini huishia katika kuisukuma risasi mbele badala ya kuubana ukingo wake.

Iliyobaki ilikuwa kujua kwa nini pini ilifika pale. Nililigeuza komeo mkononi na jibu likawa wazi: tundu dogo linalolipita komeo kutoka ubavu hadi ubavu lilikuwa tupu. Humo hukaa kijipini kimoja, chembamba kama kijiti cha kiberiti, kinachopita katika uwazi wa pini ya kupigia na kuipa mpaka wa kwenda mbele. Hakikufungwa kwa parafujo wala kugongwa kwa nguvu. Komeo likiwa ndani ya bomba, ukuta wa bomba ndio unaokizuia kisitoke. Komeo likiwa nje, hasa ukilikung'uta ili utoe masizi, huteleza na kuanguka bila ya sauti. Na ubaya wake ni kwamba bastola bila ya kijipini hicho hujifunga vizuri, hujikoki vizuri na hufyatua vizuri. Hakuna dalili yoyote siku hiyo. Dalili huja polepole, baada ya kila magazini kumalizwa na ule mlio wa kumi, pini ikiugonga mdomo wa chemba na chuma kikisogea kidogo kidogo.

Kilipotelea wapi? Mmiliki alikumbuka kwamba kijana mmoja wa nyumbani, fundi hodari wa cherehani, ndiye aliyepewa kazi ya kuisafisha marehemu alipofariki. Kijana alilifungua komeo lote, akalisugua kwa brashi ya waya, akalipaka mafuta ya nazi na kulirudisha. Simlaumu sana, katika cherehani kila kipande kikikosekana mashine hugoma papo hapo, na yeye alijaribu, akasikia mlio, akaamini. Makosa ni ya waliompa silaha mtu asiye na kibali wala mafunzo. Ila mafuta ya nazi yalizidisha balaa. Mafuta yale yakikaa huchacha, na hukusanya masizi, nta na chembe za risasi. Nilipoliosha tundu la pini ya kupigia nilitoa uji wa kahawia uliokuwa ukiipunguza pini kasi. Basi, mbali na komeo kutofika mwisho, risasi zilizogoma zilikuwa na sababu tatu kwa pamoja: pini iliyobapa ncha kwa kugonga chuma, pini iliyonata, na risasi zenyewe kuwa za zamani mno, nyingine zikiwa na unga mweupe juu ya ncha zake.

Marekebisho yalihitaji subira kuliko ufundi. Kwa kijinundu cha chemba, kishawishi cha kwanza ni kuchukua tupa ndogo na kukikata. Nakataza kabisa. Chuma kile hakikuongezeka, kimehama tu. Ukikikata unabakisha shimo ukingoni, na ganda la .22, ambalo shaba yake ni nyembamba ili ukingo upate kubanika, litakosa la kuegemea mahali hapo na linaweza kupasuka na kumrudishia mpigaji moto na vipande vya shaba usoni. Linalofaa ni kukirudisha chuma kilikotoka. Kwa kazi hiyo hutumika kipande cha chuma kigumu kilichokerezwa kwa umbo la kuchongoka taratibu, kisichozidi upana wa chemba, ambacho huingizwa na kuzungushwa kwa mkono mpaka kijinundu kikakandwa na kurudi ukingoni. Tulikipata kwa fundi wa kereza mjini Unguja, tukiwa tumempelekea vipimo peke yake, kwani bastola haipelekwi karakana isiyo na ruhusa. Kazi ilikwenda kwa kusukuma kidogo, kutoa, kufuta, kupima kwa kijiti, na kurudia. Ulipofika wakati ganda tupu lilipoanguka ndani ya chemba kwa uzito wake na kutoka kwa kuinamisha kasiba tu, nilisimama. Kuendelea baada ya hapo ni kutafuta sifa.

Pini ya kupigia na kijipini cha kuzuia viliagizwa vipya kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni. Zipo karakana zinazokata kijipini kutoka kwenye mpini wa ncha ya kekee, na nimeona vilivyofanya kazi, lakini kikiwa kirefu kwa unywele hulikwaruza bomba, na kikiwa laini hupinda. Kwa kitu kinachoilinda chemba, ningesubiri kipuri chenyewe, nasi tulisubiri. Kwa muda wote huo bastola haikufyatuliwa hata kwa majaribio.

Suala la usafi linastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa mazingira yetu si yale ambayo vitabu vya maelekezo viliandikiwa. Hewa ya Pemba hubeba chumvi na unyevu mwaka mzima, na msimu wa masika chuma kilichofutwa asubuhi huweza kuonesha vidoti vya kutu kabla ya wiki kwisha. Hata hivyo, jibu si kufungua bastola kila mara. Kasiba ya .22 inayopiga risasi za madini laini ya risasi (lead) zilizopakwa nta huhitaji usafi mdogo sana. Ile nta yenyewe hutandaza utando unaoikinga, na kasiba nyingi za namna hii zimeharibiwa na mideki ya chuma (fimbo za kusafishia kasiba) iliyoingizwa kwa mbele na kuula mdomo wake kuliko zilivyoharibiwa na kupiga. Uzuri wa Mark I ni kwamba komeo likitoka, bomba liko wazi kwa nyuma, na mdeki unaweza kuingia kutokea kwenye chemba kama inavyotakiwa. Kitambaa kimoja chenye dawa, viwili vikavu, kimoja chenye mafuta mepesi, basi.

Panapohitaji usafi wa kweli ni uso wa komeo, chini ya ile kucha inayolivuta ganda, na ukingo wa chemba. Huko masizi na nta hujikusanya na kuwa ukoko mgumu, na kucha ikishindwa kuushika ukingo, ganda hubaki ndani. Mswaki wa meno uliochakaa na mafuta ya taa vinatosha. Lakini mafuta ya taa huondoa uchafu na kinga kwa pamoja, hivyo ni lazima yafutwe yakauke na badala yake kupakwa mafuta ya madini mepesi. Ya cherehani yanayouzwa kila duka yanafaa kabisa, kwa tone, si kwa kumimina. Ndani ya tundu la pini ya kupigia napendelea pabaki pakavu, au karibu na pakavu. Vibao vya kishikio vifunguliwe mara moja kwa msimu, kwani jasho la kiganja hujificha chini yake, na katika bastola hii ndipo palipokuwa na kutu pekee yenye kina.

Mkoba wa ngozi ulikuwa mzuri, kazi ya mkono, na mmiliki aliupenda kwa sababu ya baba yake. Nilimwambia auweke, ila bastola isilale humo. Ngozi hunyonya unyevu na kuugandisha juu ya chuma, na chumvi na tindikali zilizotumika kuitengeneza hubaki ndani yake. Rangi ya chuma ilikwisha kuliwa ubavu mmoja kwa kufuata umbo la mkoba. Sasa bastola hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, imevikwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, pamoja na vijifuko vya kunyonyea unyevu ambavyo hubadilishwa, na risasi huwekwa mbali nayo. Jambo jingine analolizingatia ni kunawa mikono kwa sabuni baada ya kupiga na baada ya kusafisha, kwa vile madini ya risasi (lead) yaliyomo katika risasi na katika baruti ya kuwashia ni sumu, na watoto wa nyumbani hupokea mikono hiyo hiyo.

Kuirudisha Mark I ndiko kunakowatoa watu jasho. Kuna kijiti cha chuma kinachoning'inia kutoka kwenye nyundo, nacho ni lazima kiingie katika kikombe cha springi wakati kile kipande cha nyuma kinapofungwa. Kikikaa pembeni, kila kitu hufunga kama kawaida isipokuwa komeo halirudi nyuma mpaka mwisho. Hapo nguvu hazisaidii. Hufunguliwa tena, kifyatulio kikavutwa ili nyundo ilale, na bastola ikainamishwa mpaka kijiti kikajianguka chenyewe mahali pake. Kabla ya hatua hiyo, tulikubaliana na mmiliki kwamba kidole chake kipite kwenye ubavu wa komeo na kukigusa kile kijipini kipya, kila mara, hata akiwa na hakika.

Risasi za zamani zilikabidhiwa Polisi ziharibiwe. Mpya zilizochaguliwa ni za kasi ya kawaida, zinazotoka mdomoni chini ya kasi ya sauti, kwa kuwa bastola hii hulifungua komeo kwa msukumo wa ganda peke yake, na kwa shabaha ya mita 25 hakuna faida yoyote ya kuiongezea pigo. Uwanjani, palipokuwa na idhini, mmiliki aliegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga na kupiga magazini kadhaa taratibu. Risasi ziliingia bila ya kusukumwa na maganda yalitoka yote. Moja iligoma, aliishikilia bastola ikielekea shabaha kwa nusu dakika kama inavyopasa, akaitoa, na alama ya pini ilikuwa na kina kizuri, hivyo kosa lilikuwa la risasi. Matundu yake yalijikusanya ndani ya upana unaolingana na duara la kumi katika shabaha ya kimataifa ya mita 25, yaani milimita 50, isipokuwa mawili yaliyotoka kidogo.

Kundi hilo, hata hivyo, liko kushoto ya kati. Parafujo ya kusogeza kilengeo cha nyuma imeshikwa na kutu, nami nimekataa kuilazimisha kwa bisibisi, kwa sababu kichwa chake kikikatika hakuna njia ya kuitoa bila ya kuitoboa. Imetiwa mafuta ya kulegeza na inaachwa. Kwa sasa mmiliki analenga kidogo kulia.